Jamani msitupe hizo kadi za Kanada

Bwana Mhariri,

Salamu kwenu wote mnaoendelea kutoa gazeti katika hizi siku ngumu. Mi ni mama wa hapa Goma, mtaa wa Katindo, kazi yangu uuguzi, na sijawahi kuandikia gazeti hata mara moja, ila ile barua ya msomaji wa Ndosho mliyotoa wiki mbili zilizopita imeninyima usingizi. Aliandika kwamba sisi tuliopata rezidansi ya Kanada, yaani haki ya kuishi kule kwa kudumu, halafu tukachelewa kuhamia, kadi zikishapita tarehe basi tumekwisha, tuzitupe tuanze mambo mengine. Watu wameipiga picha wanatumiana kwenye WhatsApp, na juzi rafiki yangu mmoja wa kazini kanivuta pembeni ananiuliza polepole kama ni kweli, maana yeye yake alitaka kuichoma asiendelee kuiona na kuumia moyo. Nimemwambia asubiri kwanza niandike. Ile barua nusu yake si kweli, na ile nusu ambayo ni kweli ndugu yetu hakuieleza, na hiyo ndo inayotupoteza watu wengi huku.

Kwanza amechanganya watu wa aina mbili. Kuna yule aliyepewa viza na ile karatasi tunayoita konfirmasio lakini hajakanyaga Kanada hata siku moja. Huyo bado si rezida, ana ruhusa tu ya kwenda kuwa rezida, na ruhusa ina tarehe, mara nyingi inafuata vipimo vya daktari ambavyo vinadumu miezi 12, ama inafuata pasipoti kama pasipoti ndo inakufa mapema. Akipitisha tarehe bila kuingia, karatasi imekufa kweli, na haiongezwi hivihivi kama unavyoongeza vocha kwenye simu, inabidi awaandikie, aeleze kilichomzuia, na wao ndo wanaamua kama watampa nyingine ama ataanza upya. Halafu kuna yule aliyeingia, hata kama alikaa wiki moja akarudi. Huyo siku ile ofisa alipompokea alishakuwa rezida wa kudumu, na hicho kitu hakikai ndani ya kadi. Kadi ni kitambulisho tu. Sisi hapa wote tunatembea na kadi ya kura kama kitambulisho, je ukiipoteza sokoni Virunga, jioni unarudi nyumbani si Mkongomani tena?

Sheria yao inasema rezidansi inatoka kwa njia chache. Ofisa aamue kwamba hukutimiza masharti na uamuzi ukawa wa mwisho, yaani muda wa rufaa umepita ama rufaa umeshindwa. Ama amri ya kukuondoa nchini ianze kufanya kazi. Ama wewe mwenyewe uombe kuiacha, kwa mkono wako, kwenye fomu yao. Ama uwe raia, hapo umepanda daraja. Kadi kupita tarehe haimo humo. Unaweza kuwa na kadi iliyokufa na wewe bado ni rezida, na unaweza kuwa na kadi nzima inang'aa kabisa na siku zako hazitoshi.

Siku ndo mambo yote. Wanataka siku 730 ndani ya kila miaka 5, yaani miaka miwili, na hazilazimiki kufuatana. Siku uliyofika inahesabiwa, na siku uliyoondoka pia. Kama hujamaliza miaka 5 tangu uingie, wanaangalia kama siku zilizobaki bado zinaweza kukufikisha 730. Kama umeshapitisha miaka 5, wanarudi nyuma miaka 5 kutoka siku wanayokuhoji.

Nasema haya si kwa kusoma tu, yametupata. Na nitayasema vile yalivyokuwa, pamoja na pale tulipokosea.

Karatasi zetu zilitoka mwanzo wa 2020, mi na bwana yangu na watoto wawili. Tukaanza kugawa vyombo, na shuleni watoto wakaagana na wenzao. Mwezi wa tatu Covid ikafunga dunia, ndege hakuna, mipaka imefungwa, na konfirmasio ikafa tumeishika mikononi. Tukaandika, tukajibiwa tusubiri. Tukiwa tunasubiri ikaja ile siku ya posho, yaani Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, jioni, mbingu upande wa Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ikawa nyekundu kama mkaa unaopulizwa. Sisi wakati huo tulikuwa tunakaa Buhene. Wanaojua Buhene wanajua kilichobaki. Nilikuwa nakaanga ndizi, sikumaliza, nikamfunga mtoto mgongoni na kitenge, yule mkubwa nikamshika mkono, na kitu cha pekee nilichotoa ndani ya nyumba ni bahasha ya kaki iliyokuwa chini ya godoro, nikaisukuma ndani ya nguo hapa tumboni. Tukatembea usiku kucha na watu wa mtaa mzima. Diploma yangu ya uuguzi ya asili ilikuwa kwenye kabati, imelala chini ya mawe mpaka leo. Ila bahasha ilikuwa na pasipoti zote nne, na zile karatasi zilizokufa.

Juni ya mwaka ule, tarehe 21, Kanada wakafungua tena kwa wote wenye konfirmasio iliyo hai. Yetu haikuwa hai, tukafanya vipimo upya, wakatupa nyingine, na tarehe 9 Oktoba 2021 tukashuka Toronto. Tukaenda kwa wifi yangu Ottawa, na kadi zikaombwa kwa anwani ya pale, maana hawatumi kadi nje ya nchi. Watoto wakaingia shule. Bwana yangu akaanza kazi ya usiku kwenye depo ya mizigo. Mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili simu ikalia saa tisa za usiku. Mama yangu ameanguka bafuni, upande mmoja wote umepooza, hasemi.

Mi ndo binti wa pekee, na ni muuguzi. Tarehe 8 Desemba tulikuwa tumeshaondoka wote. Tulikaa Kanada siku 61. Nazijua kwa sababu bwana yangu ana kaye, daftari la shule la miraba midogo midogo, kila siku aliyoamka Kanada aliweka alama kwenye mraba mmoja na biki ya bluu, na ile kaye aliirudisha Goma kwenye begi lake.

Sasa sikieni hapa vizuri. Tuliondoka kabla kadi hazijafika. Wifi alizipokea mwezi wa kwanza 2022, akampa mtu aliyekuwa anakuja Kigali, na kila moja imeandikwa inaishia mwezi wa kwanza 2027. Bwana yangu akachukua kaye yake akahesabu: kutoka ile tarehe ya kadi rudi nyuma, toa siku 730, ongeza zile 61 tulizonazo, akapata kwamba tukirudi kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu 2025 tuko salama. Akaandika ile tarehe kubwa kwenye jalada. Tukaishi na hiyo tarehe miaka mitatu tumetulia, mi namgeuza mama, namlisha uji kwa kijiko, namfanyisha mazoezi ya mkono, nikijua tuna muda.

Ilikuwa hesabu mbaya. Miaka 5 haianzi tarehe ya kadi, inaanza siku ulipoingia ukawa rezida. Yetu ilianza tarehe 9 Oktoba 2021, kwa hiyo tulitakiwa kuwa tumerudi tarehe 9 Desemba 2024. Miezi mitatu na nusu kabla ya ile tuliyoandika kwenye jalada. Hakuna aliyetudanganya, hatukuuliza tu, tuliona kadi imeandikwa tarehe tukaamini ndo hiyo. Na nimeshaongea na familia nne hapa mjini, tatu zinahesabu vilevile kutoka kwenye kadi. Ndo maana nimekazana kuandika mpaka mkono unauma.

Mama alifariki mwezi wa nane 2024. Tukakaa matanga, tukaanza kuuza parseli, yaani kiwanja chetu cha Buhene, watoto wamalize muhula, tiketi tukapanga ya tarehe 11 Februari 2025 kutoka Kigali. Pesa ya parseli ikaingia benki katikati ya mwezi wa kwanza. Mwisho wa mwezi huohuo vita vikaingia mjini. Mnajua yaliyofuata, sina haja ya kuwaeleza watu wa Goma, tulilala chini ya vitanda na watoto, na tulipotoka nje benki zimefungwa, na pesa yetu iko ndani. Tiketi haikulipwa. Tarehe 11 Februari ikapita tukiwa tunatafuta unga.

Hapo ndo mtu mmoja wa familia akatuambia kilekile alichoandika ndugu wa Ndosho, kwamba tumeshapoteza, tusijisumbue. Bwana yangu alikaa wiki nzima haongei. Kilichotuamsha ni wifi, alienda kumwona mwanasheria kule, mwenye leseni, akamlipa saa moja, akarudi ametuandikia ujumbe mrefu, na katika ule ujumbe kulikuwa na mambo mawili ambayo nataka kila mwenye kadi hapa ayajue.

La kwanza, rezida akifika mpakani mwa Kanada na ofisa akahakikisha kwamba kweli ni rezida, anamruhusu kuingia, hata kama siku hazitoshi. Ni sheria yao, si huruma ya ofisa. Anaweza kukuandikia ripoti, ndiyo, na ripoti inaweza kuzaa amri ya kukuondoa, lakini una siku 30 za kukata rufaa, na wakati rufaa inaendelea wewe bado ni rezida. Kwa hiyo mwenye kadi ambayo bado iko hai, hata kama siku zimemwangusha, anaweza kupanda ndege na kwenda kujieleza akiwa ndani. Kadi ikishakufa nawe uko nje, mlango ni mwembamba zaidi: unaomba hati ya safari ya rezida, dola 50 za kwao, na hapo siku zako zinachunguzwa kabla hujapanda. Wakikataa una siku 60 za rufaa tangu upate jibu la maandishi, ila unaisubiri ukiwa huku, isipokuwa kama ulikanyaga Kanada ndani ya siku 365 zilizotangulia, huyo wanampa hati aende asubiri kule. Mnaona sasa kwa nini kutupa kadi iliyobakiza mwaka ni kujifungia mlango mwenyewe?

La pili, siku zisipotosha ofisa anaweza bado kukuachia rezidansi kwa sababu za kibinadamu. Wanaangalia ulikosa siku ngapi, nini kilikutoa, nini kilikuzuia kurudi, kama ulirudi mara tu ulipopata nafasi, una nani na nini kule Kanada, utaumia vipi ukinyang'anywa, na zaidi faida ya mtoto anayeguswa na ule uamuzi. Mtoto aliyerudishwa na wazazi hakujirudisha, na hilo wanalijua. Lakini sababu haitembei peke yake, inataka karatasi. Mi ni muuguzi, karatasi za hospitali za mama nilikuwa nazo zote, kuanzia picha ya kichwa mpaka cheti cha kifo, kila moja na tarehe na muhuri. Kuna watu wamelea wazazi wao miaka minne hapa mjini na hawana hata risiti moja ya dawa. Jamani, tunzeni risiti. Tunzeni tiketi za ndege hata zile zilizochanika, na pasipoti za zamani zenye mihuri. Ile karatasi ya duka la dawa unayofungia chumvi inaweza kukuhitajika siku moja.

Bwana yangu aliondoka na watoto wawili wakubwa katikati ya mwezi wa sita, nauli kaka zake walichangishana. Walivuka bariyeri kubwa ya mpaka wa Rwanda asubuhi na mapema na mabegi mawili, wakachukua basi la Kigali. Toronto ofisa akapitisha kadi kwenye mashine, akamuuliza mara ya mwisho ulikuwa hapa lini. Akamwambia ukweli, Desemba 2021. Wakawekwa chumba cha pembeni, karibu masaa mawili, watoto wamelala juu ya mabegi. Akatoa bahasha. Ofisa akasoma karatasi za mama yangu moja moja, akauliza kuhusu vita, akataka kuona kaye, akafungua, akahesabu ile miraba kwa kalamu bila kuigusa. Kisha akaandika kitu kwenye kompyuta, akawaachia. Hakuandika ripoti. Sisemi kila mtu atapata ofisa wa hivyo. Nasema tu hakudanganya, maana ukidanganya siku au tarehe hilo linakuwa kosa lingine kabisa, unaweza kufungiwa miaka 5.

Sasa mtauliza mbona mi niko bado Katindo.

Mwezi wa tatu 2023, katikati ya kumuuguza mama, nilizaa. Kadogo wetu ana miaka miwili na nusu. Wazazi wake wote ni rezida wa Kanada na dada zake wote ni rezida, yeye si kitu. Rezidansi hairithiwi kwa kuzaliwa. Anayezaliwa nje inabidi aombewe na mzazi, na mzazi ambaye ni rezida, si raia, lazima awe anaishi Kanada ndo aweze kumwombea. Yaani kwa kukaa huku namlea hatukuweza kumfanyia dosie, maombi yake, na ili kumfanyia dosie lazima mmoja aende amwache. Tuliomba viza ya kutembelea, ikakataliwa. Kumwacha kwa nani? Bibi yake ambaye angemshika ndo yule tuliyemzika.

Na kuna jambo hapa limetugawa mi na bwana yangu kwenye simu usiku mwingi. Watu wanashauri kwamba ukishaingia na hukuandikiwa ripoti, nyamaza, usiombe kitu chochote, kaa siku zako 730 zitimie upya, ndo uombe kadi mpya ukiwa msafi. Ni ushauri mzuri, kwa mtu mwenye familia yote ndani. Bwana yangu akinyamaza hivyo atatimiza katikati ya 2027, maana zile 61 za zamani kuanzia Oktoba 2026 zitaanza kuanguka moja moja kadiri miaka 5 inavyosogea. Akiomba kitu sasa, wanaweza kufungua siku zake na kuziangalia tena. Lakini mpaka 2027 kadogo atakuwa na miaka minne hajamjua baba yake, na kadi yangu itakuwa imeshakufa tangu mwezi wa kwanza. Mwezi wa nane tuliamua. Ameweka dosie ya mtoto, na ndani yake ameeleza yote bila kuficha, pamoja na karatasi zilezile za mama. Kama tumekosea tutajua. Mi nilisema siwezi kulinda kadi kwa kumficha mtoto, na yeye akanyamaza kidogo halafu akasema sawa.

Nirudi kwa wasomaji, maana kuna mambo mengine yanazunguka mjini nayasikia kila siku. Wapo wamama wanaosema bwana yangu yuko kule anafanya kazi, basi na rezidansi yangu iko salama. Hapana mama. Siku zinahesabiwa mtu kwa mtu. Siku za nje zinazoweza kuhesabiwa ni kama unakaa nje pamoja na mume au mke ambaye ni raia wa Kanada, raia, si rezida tu kama bwana yangu, ama mtoto aliye pamoja na mzazi raia, ama umetumwa nje na kampuni ya Kanada au serikali yao kwa kazi ya muda wote. Mume kutuma pesa hakuhesabiwi.

Wengine wanasema ukienda ukagusa kila miezi sita inatosha. Hilo la miezi sita linatoka kwenye mambo ya Marekani na limevuka likaja kuharibu huku. Grinkadi ni sheria nyingine. Kwa Marekani ukikaa nje zaidi ya mwaka mmoja ile kadi haikurudishi tena, na mtu anayejua atachelewa anaomba ruhusa ya kurudi kabla hajatoka, akiwa bado ndani ya Marekani, inaweza kumpa mpaka miaka miwili. Binamu yangu wa Bukavu aliyeshinda bahati nasibu yao alitaka kuiomba akiwa huku, akaambiwa imeshindikana. Kwa Kanada kugusa mara mbili kwa mwaka kunakupa siku chache tu, zihesabu mwenyewe uone kama zinafika 730.

Na la mwisho, ambalo linaniuma kuliko yote, ni ile fomu ya kuiacha rezidansi. Kuna mzee wa mtaa wetu, tunamwita papa, mtu wa kanisa, alikuwa rezida kupitia mwanaye. Mwaka jana binti yake anaolewa kule. Kadi yake imepita tarehe. Mtu mmoja anayezunguka Birere kutengenezea watu dosie akamwambia kadi imekufa papa, omba viza ya kutembelea, ni haraka, na saini hapa na hapa. Ukweli ni kwamba rezida hawezi kupewa viza ya kutembelea bila kwanza kuacha rezidansi, kwa sababu machoni pao bado ni mtu wa kwao. Kwa hiyo moja ya zile saini ilikuwa ya kuiacha. Alilipa dola 400. Harusi alienda, akacheza, akapiga picha, akarudi. Mwaka huu risasi zilipoanza watoto wakamwambia papa toka, njoo ukae huku, ndo akaenda kuuliza na kuelezwa alichokisaini. Alikuja kwangu na ile karatasi imekunjwa mara nne ndani ya Biblia, akanipa niisome. Nikaisoma. Jina lake, tarehe, na saini yake ya mkono unaotetemeka. Sikuwa na la kumwambia. Yeye angeweza kuomba hati ya safari na kueleza, mzee mgonjwa wa sukari, watoto wake wote wako kule, angalau angesikilizwa, na kama wangekataa angekata rufaa. Sasa hana rufaa, maana hakuna aliyemnyang'anya.

Kwa hiyo ndugu wa Ndosho, sikugombezi, najua pengine na wewe umeumia. Ila naomba gazeti liweke hii barua palepale ilipowekwa ile. Na wewe kama hujaitupa bado, toa pasipoti yako ya zamani, tafuta muhuri wa siku ile uliyoingia, anza kuhesabu kutoka hapo, si kutoka kwenye kadi. Ukikwama uliza pale kwenye kituo chetu cha afya, muuguzi wa zamu ya asubuhi, tutahesabu pamoja.

Ile kaye bwana yangu alienda nayo. Binti yetu mkubwa ndo anaweka alama sasa, amegawa ukurasa kila mtu na mstari wake, na kila Jumapili ananitumia picha. Juzi mistari yao mitatu ilikuwa imefika 181. Wangu uko palepale kwenye 61. Chini yake ameandika jina la kadogo na kuchora mstari mtupu.

Mama wa watoto watatu,
Katindo, Goma
Oktoba 2025